Mkwe Ubaoni

Wanafunzi walimwita Bi Mkubwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama jina hilo linampendeza. Lilimpendeza. Alikuwa amevuka hamsini, mwili umejaa, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi wa sufu, na siku ya kwanza alipoingia ukumbi wa mihadhara, vijana waliokuwa wakipiga soga walinyamaza ghafla na kuketi vizuri, wakidhani mhadhiri kafika. Yeye akapita zake, akakaa mstari wa mbele, akachonga penseli.

Kilichomtoa nyumbani na kumpeleka chuoni katika umri ule ni amri kutoka juu. Alikuwa mkuu wa shule ya chekechea, cheo alichokipandia ngazi kwa ngazi tangu enzi za kuosha vikombe vya watoto na kuwafunga kamba za viatu. Ghafla ikatangazwa kwamba kila mkuu wa shule, hata ya watoto wanaojikojolea, awe na shahada, la sivyo ampishe mwenye nayo. Wenzake kadhaa walipisha, wakaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Bi Mkubwa alisema, "Kupishana ni barabarani," akaenda kujiandikisha shahada ya malezi na elimu ya awali.

Masomo ya malezi hayakumtisha. Mambo ambayo vijana waliyakariri vitabuni, yeye alikuwa ameyafuta puani kwa leso miaka na miaka. Tatizo lilikuwa moja. Chuo kile kilimtaka kila mwanafunzi asiye wa sayansi, awe wa malezi, wa sheria au wa uandishi wa habari, apitie somo la utangulizi wa kalkulasi tumizi, yaani hesabu za kasi na mabadiliko. Vijana waliliita Kizuizi, kama kile cha polisi, maana hapo ndipo wengi waliposhushwa. Bi Mkubwa alishushwa mwaka wa kwanza. Alifeli vibaya, hata hakwenda kuulizia alama zake. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli mara ya pili, unafunga virago.

Basi akarudia. Mihadhara ya Profesa wa somo hilo aliisikiliza ukumbini pamoja na umati, na mchana akaenda kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya pili, ambako makundi ya wanafunzi wachache yalifanya mazoezi na mkufunzi msaidizi. Alikuwa ameshapanga kalamu zake mezani mlango ulipofunguliwa, akaingia mkufunzi mwenyewe, kijana wa kike mwembamba, amekumbatia boksi la chaki.

Alikuwa mkazamwana wake.

Walitazamana. Boksi la chaki likainama, chaki mbili zikadondoka na kuvunjika. Bi Mkubwa alijua kwamba mke wa mwanawe anasoma shahada ya pili ya hesabu na kwamba chuo kinampa kazi ya kufundisha, lakini alidhani anawafundisha wahandisi huko kwenye majengo mapya. Naye binti alijua kwamba mama mkwe anasoma malezi, ila hakuwahi kuambiwa habari ya kufeli. Siri hiyo Bi Mkubwa alikuwa amemficha hata mwanawe wa kumzaa.

"Hamjambo," alisema mkufunzi, sauti imepanda kidogo.

"Hatujambo, Mwalimu," Bi Mkubwa akaitikia kwa nguvu kuliko wote.

Lazima isemwe hapa kwamba wawili hawa hawakuanza vizuri. Siku mwanawe, ambaye ni fundi wa majokofu, alipomleta mchumba nyumbani, Bi Mkubwa alikuwa akiwagawia wageni keki, akijisifu kwamba katika kukata sawasawa hana mpinzani. Binti akatabasamu, akasema, "Kweli, Mama, vipande vimelingana ukubwa. Ila hivi vya pembeni vina sukari juu na ubavuni, vya katikati juu tu." Wageni walicheka. Bi Mkubwa alicheka kwa meno, moyo ukabaki pale pale. Tangu siku hiyo, akiwa peke yake na mwanawe, alimwita binti "yule mjuaji wako." Ndoa ikafungwa, wakaishi wote nyumba moja na kupika jiko moja, wakisalimiana kwa adabu zote, adabu ile inayowekwa katikati ya watu kama meza.

Jaribio la kwanza lilikuja wiki iliyofuata. Gari limetoka hapa kufika pale kwa dakika kadhaa, na umbali wake unafuata kanuni iliyoandikwa. Tafuta kasi yake katika dakika fulani. Bi Mkubwa alichukua umbali wote, akagawa kwa muda wote, akapigia mstari jibu lake kwa rula. Karatasi ilirudi na alama mbili kwa kumi, na chini yake kwa wino mwekundu: *Hii ni kasi ya safari nzima. Swali linauliza kasi ya dakika ile.*

Jioni hiyo jikoni, kisu kilikuwa kikigonga ubao wa kukatia kwa sauti isiyo ya kawaida. Mkazamwana alikuwa akiosha vyombo, amempa mgongo. Kijana aliingia kutafuta maji, akaona hali ya hewa, akataka kutoka.

"Wewe kaa," mama yake akamwambia. "Mke wako kanipa mbili."

"Mbili nini?"

"Mbili kwa kumi. Kwenye hesabu. Mimi ni mwanafunzi wake."

Kijana aliangalia huku na huku kama mtu aliyeingia choo kisicho chake. Hakuna kozi ya majokofu iliyowahi kumwandaa kwa jambo hilo.

"Mama," binti alisema, bado amegeukia sinki, "naweza kuomba wakuhamishie kundi la mwenzangu. Haitachukua muda. Na kama unataka, hapa nyumbani ninaweza kukuelekeza polepole, hakuna atakayejua."

Bi Mkubwa aliweka kisu chini. Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwa sababu binti alikuwa amesema kwa upole. Laiti binti angejivuna kidogo, yeye angepata pa kumshikia.

"Sihami," alisema. "Nikihama wewe utasema nimekukimbia, na mimi nitajua kwamba ni kweli. Na hapa nyumbani hunifundishi kitu. Hata kujumlisha. Nikija kupata alama, ziwe nilizozitafuta kama wengine, kwenye foleni kama wengine. Huku ndani mimi ni mama yako. Kule wewe ni mwalimu wangu. Tusichanganye mchele na kokoto."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, nikate."

Binti aligeuka, mikono ikichuruzika povu. "Haya, Mama," akasema. "Nitakukata."

Na alimkata kweli. Wiki zile Bi Mkubwa alitoka chekechea mchana, nguo zina alama za vidole vya rangi, akapanda ngazi za ghorofa ya pili akihema, akakaa mbele na kuuliza maswali mpaka vijana wakawa wanaguna. Kwa nini mbili inashuka kutoka kwenye kipeo na kukaa mbele ya herufi? Ni nani kaiambia ishuke? Mkufunzi alijibu kila swali, tena na tena, bila kukunja uso na bila kumpendelea. Muda ukiisha, unaisha. Aliyefuata kwenye foleni aliingia.

Siku iliyomchoma kuliko zote ilikuwa ile ya kimo cha mtoto. Mkufunzi alichora ubaoni mstari uliopinda, unaopanda kwa kishindo mwanzoni kisha unalegea kadiri unavyokwenda kulia. "Huu ni urefu wa mtoto tangu azaliwe," alisema. "Kasi ya kukua kwake inakwendaje?"

Hapa Bi Mkubwa alijiona yuko nyumbani. Watoto ndiyo kazi yake. Akanyoosha mkono kabla ya wote. "Kasi inashuka!"

"Sawa kabisa. Maana yake nini?"

"Maana yake mtoto anapungua urefu."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kijana mmoja wa uandishi wa habari, anayening'iniza vipokea sauti vya masikioni shingoni kama tai, aliegemea ukuta akisema, "Bi Mkubwa, huyo mtoto atarudi tumboni!" Mkufunzi aligonga meza wakanyamaza, lakini Bi Mkubwa alikuwa amekwishaona kwamba hata yeye ameuma mdomo asicheke. Alijua alichosema ni upuuzi. Asichokijua ni kwa nini ni upuuzi, na hilo ndilo lililomfanya aondoke na kichwa kizito.

Kesho yake asubuhi alisimama kwenye mlango wa darasa lake la chekechea. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na alama za kalamu alizokuwa akiwachorea watoto kila muhula, kwa sababu watoto hupenda kujua wamekua. Alichagua alama za mtoto mmoja aliyekuwa shuleni hapo tangu akiwa mdogo sana. Akachukua rula, akapima nafasi kati ya alama na alama. Ya kwanza ilikuwa pana. Ya pili pungufu. Ya tatu pungufu zaidi. Nafasi zilikuwa zikibanana, kama watu wanaosogea kwenye benchi, lakini kila alama ilikuwa juu ya mwenzake. Hakuna hata moja iliyoshuka.

"Mwalimu, mlango unaumwa?" aliuliza binti mmoja mdogo aliyekuwa na kijiko mdomoni.

"Mlango mzima, mwanangu. Aliyekuwa anaumwa ni mimi."

Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani. Urefu ni kitu kimoja, na mwendo wa urefu ni kitu kingine. Mtoto anaongezeka, ila nyongeza yenyewe inapungua. Ukipima kwa mwaka mzima, unapata wastani wa mwaka, kama alivyofanya yeye na lile gari. Ukipima kwa muhula, unasogea karibu na ukweli. Kwa mwezi, karibu zaidi. Kwa wiki, kwa siku. Ukizidi kuubana muda, jibu linazidi kusogelea namba moja, na namba hiyo ndiyo kasi ya pale pale, ya wakati ule ule. Hicho ndicho Profesa alichokuwa akikiita kikomo, huku yeye akiandika neno hilo kwa mwandiko mzuri bila kulielewa hata chembe.

Toka hapo mambo hayakuwa rahisi, lakini yalikuwa na mlango. Alikosea ishara, alisahau mabano, alikatwa na akakatwa tena. Ila sasa akikosea alijua kakosea nini. Alifanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, mazoezi yote ya kitabu, hata yale ambayo Profesa alisema yarukwe. Na jaribio kubwa la katikati ya muhula lilipofika, aliandika mpaka karatasi ikaisha, akaomba nyingine.

Alama zilipobandikwa, Bi Mkubwa alikuwa wa tatu katika kundi.

Furaha yake haikumaliza siku. Kesho yake aliitwa ofisini kwa Profesa, mzee mkavu mwenye sauti ya chini, ambaye vijana walidai hajawahi kucheka tangu chuo kijengwe. Mkazamwana alikuwa tayari ndani, amesimama, macho yamemwiva.

"Nimepata malalamiko," Profesa alisema. "Mwanafunzi aliyefeli mwaka jana, na aliyepata mbili katika jaribio la kwanza, sasa ni wa tatu. Na aliyemsahihisha ni mke wa mwanawe, anayeishi naye nyumba moja. Hamkuniambia."

"Profesa, karatasi ipo," binti alisema. "Isahihishwe upya na mtu mwingine."

"Karatasi haiwezi kuniambia kama mtu aliyaona maswali mapema."

Binti akasema, "Basi mimi nitajiuzulu. Yeye mwache aendelee."

"Nani kakuomba ujiuzulu?" Bi Mkubwa alimgeukia, na kwa hasira akasahau kumwita Mwalimu. "Mwanangu, wewe hujaiba kitu. Kaa kimya." Akamrudia Profesa. "Aliyelalamika ana haki. Ningekuwa yeye, hata mimi ningesema. Hapo tulikosea, palipo na mkwe na alama ilifaa kutoa taarifa mapema. Sasa nipe swali. Swali lako wewe, ambalo hata huyu hajaliona. Nitalifanya ubaoni."

"Hapa?"

"Sio hapa. Darasani, mbele ya kundi lote. Walionong'ona kwa midomo yao, waone kwa macho yao."

Profesa alichukua kipande cha karatasi. "Ukishindwa, nitafuta alama za jaribio."

"Ukifuta, futa. Lakini niandikie swali lenye maana, si la kunihurumia."

Ikawa hivyo. Siku iliyopangwa, chumba cha ghorofa ya pili kilijaa hadi madirishani. Mkufunzi hakuruhusiwa kuingia; alibaki kwenye korido, na kupitia kioo cha mlango Bi Mkubwa aliweza kuona bega lake likipita, likirudi, likipita. Profesa aliketi nyuma kabisa, miguu ameikunja, akasoma swali kutoka kwenye kipande cha karatasi. Mtu ana waya wa mita sitini. Anataka kuzungushia kiwanja cha mstatili kando ya jengo refu, ukuta wa jengo ukiwa upande mmoja. Apange vipimo gani ili kiwanja kiwe kikubwa kuliko vyote vinavyowezekana?

Bi Mkubwa aliishika chaki. Alichora mstatili, akaupa upande mmoja herufi, akaandika: pande mbili na pande mbili, jumla sitini. Akatengeneza kanuni ya eneo, akashusha kipeo, akasawazisha na sufuri. Kumi na tano. Upande mwingine nao kumi na tano. Mraba. Akapigia mstari, akarudi nyuma hatua moja.

Profesa hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Lakini yule kijana wa vipokea sauti, ambaye ndiye aliyelalamika na kila mtu alijua, aliinamisha macho kama mtu anayeona mwenzake akielekea shimoni, na hakuonekana kufurahi hata kidogo.

*Kuna kitu,* Bi Mkubwa alijiambia. Alirudia kusoma swali kimoyomoyo. Waya. Kiwanja. Jengo. Ukuta.

"Ala!" alisema kwa sauti. "Nimeuzungushia ukuta waya!"

Kuna aliyecheka, lakini safari hii Bi Mkubwa alicheka naye. Alichukua kifutio, akafuta kila kitu kuanzia juu hadi chini, vumbi likamwingia kooni. Akaanza upya. Ukuta unalinda upande mmoja bure, kwa hiyo waya unakwenda pande tatu tu: upana mara mbili, na urefu mara moja. Ukitoa upana mara mbili kwenye sitini, unapata urefu. Zidisha kwa upana, hilo ndilo eneo. Akatafuta kasi yake: sitini, toa upana mara nne. Akaiweka sawa na sufuri. Upana kumi na tano, urefu thelathini. Mita za mraba mia nne na hamsini, mara mbili ya ule mraba wake wa kwanza.

"Unajuaje," Profesa aliuliza, sauti ikitoka nyuma taratibu, "kwamba hapo ni kubwa kuliko zote? Pengine ni ndogo kuliko zote. Kasi ni sufuri bondeni pia, si kileleni tu."

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Bega lililokuwa koridoni lilisimama.

Bi Mkubwa hakukurupuka. Aliandika kumi na nne badala ya upana, akakokotoa. Nne, chanya. Akaandika kumi na sita. Nne, hasi.

"Kabla ya kumi na tano eneo linapanda," alisema. "Baada ya kumi na tano linateremka. Mtu aliyekuwa anapanda, akasimama, kisha akaanza kuteremka, alikuwa kileleni, Profesa. Angekuwa bondeni, angeteremka kwanza ndipo apande."

Profesa alikunjua miguu, akainuka, akatembea hadi mbele. Alichukua chaki mkononi mwa Bi Mkubwa na kuandika pembeni mwa ubao alama ndogo ya tiki. Kisha akageukia wanafunzi. "Alama za jaribio zinabaki," alisema. "Na kuanzia leo, karatasi za mwanafunzi huyu nitazisahihisha mwenyewe. Mimi ni mkali kuliko mkwewe."

Korido ilikuwa na mwanga mwingi. Binti alikuwa ameegemea ukuta, ukucha wa kidole gumba ameumaliza kuutafuna. Hawakujua waitaneje, maana huko nje haikuwa darasani wala nyumbani.

"Nilikuona ukichora mraba," binti alisema mwishowe. "Mama, nilitaka kuvunja kioo."

"Ungevunja, tungefukuzwa wote." Bi Mkubwa alimshika mkono, akakitazama kile kidole gumba. "Siku ile ofisini ulitaka kuacha kazi yako kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Usirudie. Kazi haiachwi hivyo." Kisha akaongeza, polepole kidogo, "Lakini nimekuona."

Kijana wa vipokea sauti alitoka, akawakuta pale. Alijikuna kisogo. Akasema, "Bi Mkubwa, samahani. Nilidhani..."

"Ulidhani sawasawa, ila ulichodhani hakikuwepo. Kesho njoo mapema, kaa mbele na mimi. Huko ukutani hutafaulu."

Alikuja, na akakaa mbele, akinung'unika.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mgumu, na Profesa alitimiza ahadi yake ya ukali. Matokeo yalipotoka, Bi Mkubwa alikuwa amefaulu kwa daraja la C. Kijana wake alirukaruka sebuleni, akataka kununua soda. Mke wake alimkumbatia mama mkwe kwa mara ya kwanza bila kuwepo sherehe, na wote wawili walikaa hivyo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Shuleni, barua iliyotoka juu kuuliza habari za shahada yake ilijibiwa kwamba mkuu anaendelea na masomo na hampishi mtu.

Lakini asubuhi iliyofuata Bi Mkubwa alikuwa mlangoni kwa Profesa, miwani amevaa tayari.

"Umefaulu," Profesa alisema. "Unataka nini tena?"

"Nataka kuona karatasi. Nilihesabu B."

Profesa alimsogezea kiti. Walikaa asubuhi nzima wakipitia swali moja baada ya lingine, na kila alama iliyokatwa ilikuwa imekatwa kwa haki. Ilipofika ile ya mwisho, Bi Mkubwa alilalamika, Profesa akaeleza, Bi Mkubwa akalalamika tena, Profesa akachora. Bi Mkubwa akakubali. Alikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Muhula ujao ni takwimu," alisema akiinuka. "Hiyo nayo inafelisha watu?"

"Wengi."

"Haya. Niambie kitabu gani, nianze leo."